Kufungua Ramani ya Nyumba Bila Programu ya Bei Kubwa

Likizo iliyopita baba yangu mdogo, fundi mwashi hapa Nyamirambo, aliniletea flashi yenye ramani ya nyumba. Mchoraji alikuwa safarini hapatikani, na vibarua walikwisha kufika kuchimba msingi wa ukuta wa kuzuia udongo. Katika vilima vyetu vya Kigali ukuta wa namna hiyo ukikosewa, mvua ya Aprili haina huruma. Nikajaribu kuifungua faili, kompyuta haikuitambua. Rafiki mmoja akanishauri nitafute programu ya wizi. Nikakataa, maana programu hizo mara nyingi huleta virusi. Tena wizi ni wizi.

Faili ile ilikuwa ya DWG, aina itumiwayo na AutoCAD, programu ya kampuni ya Autodesk iliyotoka mwaka 1982. Kuchora kwa AutoCAD kuna gharama kubwa, lakini kutazama si lazima kulipa. Njia ni tatu.

Kwanza, mchoraji akipatikana, mwombe nakala ya PDF. Hiyo hufunguka hata katika simu.

Pili, kwa kompyuta ya Windows, chukua DWG TrueView, itolewayo bure na Autodesk wenyewe. Utatazama, utapima na kuchapa, ila hutaweza kubadili mchoro.

Tatu, tumia ODA File Converter, ya bure pia, kugeuza DWG kuwa DXF, kisha uifungue kwa LibreCAD. Hii yafaa kwa ramani bapa. Lakini kubadili jina la faili tu hakugeuzi kitu: chupa ya mafuta ukiiandika "maziwa", haitoi maziwa.

Hadhari moja. Kabla ya kuuamini mchoro, pima mlango ulioandikwa 900. Ukipata 900, kipimo ni milimita, ukipata 0.9, ni mita. Ukipata namba isiyolingana na hizo, usichimbe kwanza.

Sisi tulifuata njia ya tatu. Baba mdogo alikumbuka upana wa msingi kuwa sentimeta 40. Mchoro ulisema 80. Akanyamaza kidogo, kisha akaenda kuwaambia vibarua wapanue shimo.

Nanyi wanafunzi wa zamani mlio wachoraji, mnapompa fundi DWG, mpeni na PDF pamoja. Ni kazi ya dakika moja, nayo yaweza kuokoa nyumba ya mtu.