Sufuria Mbele ya Upepo wa Ziwa

Jua likishapanda Bukoba, upepo huanza kuingia kutoka ziwani. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa iliyo juu ya nchi kavu hupaa, na ile ya ubaridi kutoka Ziwa Victoria huja kujaza nafasi. Usiku hugeuka, ukarudi majini. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini-mashariki huongeza nguvu, na huo ndio wakati wa mavuno ya kahawa Muleba.

Si kahawa yote inayopelekwa kuuzwa. Nyingine huchumwa kabla ya kuiva sawasawa, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, mgeni akaja kupewa atafune. Kuchemsha huko hudai moto wa kutulia. Lubisi, pombe ya ndizi, haina shida hiyo: maji ya ndizi huchanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, kazi iliyobaki ni ya uchachu.

Chukua lita 20 za maji yenye nyuzijoto 22. Bukoba iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kuyafikisha hapo kunahitaji megajuli 6.2, joto lililomo katika kuni kavu zisizofika nusu kilo. Lakini nani amewahi kuchemsha ndoo ya maji kwa nusu kilo ya kuni? Mafiga, hata pakiwa shwari, huingiza sufuriani sehemu ndogo tu ya joto, asilimia 10 hadi 20. Upepo hula na hiyo. Huulaza mwali pembeni, huchanganya moshi wa moto na hewa baridi kabla haujagusa sufuria, kisha hunyonya joto ubavuni mwa sufuria yenyewe. Tena kasi yake ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne.

Wengi hukimbilia bati. Tatizo la bati moja lililosimamishwa wima ni kwamba upepo hulipanda, ukajikunja nyuma yake na kushuka palepale penye moto. Wanaopanda miti ya kukinga mashamba wanalijua hili: kizuizi chenye uwazi karibu nusu ya eneo lake hutuliza upepo kwa umbali mrefu kuliko ukuta mzima. Kibanja cha Kihaya, chenye mibuni chini, migomba katikati na miti mirefu juu, ni kizuizi cha namna hiyo hasa. Kwa hiyo kwenye msiba au harusi, masufuria makubwa yanapokosa nafasi uani, ningeyabana kwenye migomba kuliko kuyatoa rweya, kwenye nyasi tupu.

Kama hakuna budi ila bati, zungusha pande tatu, mlango wa kuni ukae upande upepo unakoelekea. Acha upenyo wa vidole viwili kati ya bati na sufuria ili moshi upande ukiulamba ubavu wake, na uwazi chini wa kuingiza hewa. Moto uliobanwa kabisa hutoa masizi na monoksidi ya kaboni.

Wahaya wa kale walijua kuipima hewa ya moto. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu wazee wa Kagera waliofua chuma upya mbele yao: mivukuto ilisukuma hewa kupitia mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri, na watafiti hao wakaona kwamba hewa ilipata joto humo kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine walilipinga hilo la joto. Mirija yenyewe haina ubishi. Vipande vyake vimefukuliwa Kemondo.

Kwenye gesi, hesabu inabadilika. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa juu yake usizungushiwe bati hadi chini: joto linalorudishwa huupasha mtungi na vali, na shinikizo ndani hupanda. Kinga ianzie juu ya bega la mtungi, tena upande mmoja tu. Kwa sufuria la shughuli ni afadhali jiko la chini lenye mpira mrefu. Hapo bati laweza kuzunguka jiko, mtungi ukakaa mbali upande unakotoka upepo.