Mbwa Mdogo Asiyebweka

Juma lililopita katika mkutano wetu wa Butembo, telefone moja ilipita mkono kwa mkono. Ilikuwa na picha ya mbwa wa Meksiko aitwaye Chihuahua: hafikii hata kilo tatu, macho makubwa, masikio kama ya popo, tena amevikwa koti la sufu! Tulicheka sana. Ndipo mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Eringeti, na sasa anaishi Beni, akasema: "Hata sisi tuko na mbwa mdogo, lakini ninyi mnamtupia mawe."

Alisema kweli. Mbwa wa Wambuti wa msitu wa Ituri ana urefu wa sentimita 40 hivi begani na uzito wa kilo 10. Masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, na paji la uso lina mikunjo kama mzee anayewaza deni. Manyoya ni mafupi, mara nyingi mekundu, na meupe kifuani na miguuni. Hujilamba kama paka, kwa hiyo hanuki sana.

Kubweka, karibu hajui. Akifurahi hutoa sauti kama ya mtu anayeimba kooni. Ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wasimpoteze porini. Mama yule alituambia kwamba usiku walipojificha msituni na watoto, mbwa wake alinyamaza mpaka asubuhi. Hapo hakuna aliyecheka tena.

Wazungu humwita Basenji, jina lililotokana na neno letu "washenzi". Mwaka 1937 alionyeshwa Uingereza kwenye maonyesho ya Crufts, na leo wako wanaomnunua kwa pesa nyingi.

Tabia yake? Ana akili, lakini ni mkaidi. Mvua haipendi. Mgeni humtazama kwa mbali kwanza. Kuku muwafunge! Watoto wasimvute mkia wala kumgusa akila, naye apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, tuoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha tumpeleke kituo cha afya siku ileile.

Jike wa mama yule ana mimba. Ameahidi kikundi chetu watoto wawili. Majina ya wanaowataka yameshaandikwa, na la kwanza ni la yule aliyecheka kuliko wote.