Mikufu ya mbegu, mfupa na ngozi: ufundi wa Magharibi ya Marekani kwa mikono yetu

Katika filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani mmeona wanaume wenye kofia pana na wanawake waliovaa mikufu mizito ya fedha yenye mawe ya samawati. Mapambo ya namna hiyo huitwa ya Magharibi, yaani ya majimbo yaliyo upande wa machweo wa Marekani, kama Arizona na New Mexico. Si "magharibi" kama tunavyosema sisi tukitaja Ulaya. Siku hizi yanapendwa mbali na kwao, na vikundi vya wamama vinauliza kama vinaweza kuyatengeneza. Wengi wanakata tamaa mapema, wakidhani bila fedha na jiwe la feruzi hakuna kazi.

Fedha yenyewe ilikuja nyuma. Watu wa Navajo walijifunza kufua chuma na fedha kwa Wameksiko katika karne ya 19, wakiyeyusha sarafu, na ni karibu na mwaka 1880 tu walipoanza kutia feruzi ndani ya fedha. Kabla ya hapo, na hata leo, watu wa nchi ile kavu walivaa kile walichookota.

Chukua mfano wa mti wa mreteni. Unazaa tunda dogo lenye mbegu ngumu ya kahawia. Tunda likianguka, sisimizi wanatoboa mbegu upande mmoja na kula kiini chake kitamu. Familia za Navajo hupita chini ya miti wakiokota mbegu ambazo sisimizi wamekwisha kuzitoboa. Nusu ya kazi imefanywa na mdudu! Nyumbani wanatoboa upande wa pili, wanazitunga pamoja na shanga ndogo za kioo, na mtoto anavalishwa ili ndoto mbaya zisimsumbue. Ndiyo imani yao. Mkufu huo hauna hata gramu moja ya fedha, lakini watalii wanaununua kando ya barabara.

Mfano wa pili unatoka kijiji cha Kewa, New Mexico, ambacho Wahispania walikiita Santo Domingo. Watu wa pale ni mabingwa wa shanga za kombe la baharini. Wanavunja kombe kuwa vipande vidogo, wanatoboa kila kipande katikati, wanavitunga vyote kwenye waya, kisha wanasugua mstari mzima juu ya jiwe mpaka vipande vyote viwe mviringo na sawa. Njia hiyo ni ya kukumbuka, maana itatufaa baadaye.

Katika miaka ya 1930 umaskini mkubwa uliikumba Marekani. Vifaa vizuri vilikuwa haba na ghali. Watu wa Kewa hawakuacha kazi. Walikata maganda meusi ya betri za magari, sahani za gramafoni zilizovunjika na vitana vya plastiki, wakavichanga na vipande vya feruzi na jiwe jeupe laini, wakatengeneza mikufu yenye ndege mwenye mabawa wazi. Waliwauzia watalii kwa bei ndogo sana. Leo mikufu hiyo ya takataka inatafutwa na wakusanyaji, nayo inawekwa katika majumba ya makumbusho. (Betri zenyewe msiguse, wamama. Zina risasi na asidi, na risasi inaharibu akili za watoto.)

Basi, sisi tuna nini? Mfupa wa ng'ombe kwa mchinjaji, vipande vya ngozi kwa fundi viatu, mbegu kando ya maji. Tuangalie kimoja kimoja.

Mfupa ndio unaotesa wanaoanza, kwa sababu wanaharakisha. Omba kwa mchinjaji mfupa wa mguu, ile sehemu iliyonyooka. Uhakikishe unatoka kwa mnyama aliyechinjwa na kukaguliwa. Mnyama aliyekufa mwenyewe porini au zizini anaweza kuwa na kimeta, na ugonjwa huo unakaa katika mifupa na ngozi miaka mingi na kumshika anayezishika. Chemsha mfupa kwa moto mdogo, kwangua nyama, toa uboho kwa waya. Kisha uloweke katika maji ya vuguvugu yenye sabuni siku kadhaa, ukibadilisha maji yakichafuka. Usiruke hatua hii. Mafuta yakibaki ndani, mkufu utageuka njano na kunuka shingoni mwa mteja, naye hatarudi.

Wengi wanakimbilia javeli ili mfupa uwe mweupe. Msifanye hivyo. Javeli inaula mfupa mpaka unakuwa kama chaki. Jua linatosha. Na kwa mapambo ya namna hii weupe si lazima. Mtindo wenyewe unapenda kitu kionekane cha zamani, cha shamba. Loweka vipande vilivyokamilika katika chai kali au kahawa usiku mmoja, utapata rangi ya hudhurungi nzuri kuliko rangi yoyote ya dukani.

Mfupa ukikauka, kata vipete kwa msumeno wa chuma, au vipande virefu kama kidole. Toboa. Hapa ile njia ya Kewa inasaidia: badala ya kusugua kila kipande peke yake, tunga vipande ishirini kwenye waya mgumu, vikaze, kisha visugue pamoja kwenye jiwe lenye maji. Malizia kwa karatasi ya msasa, ukianza na namba 120, halafu 240, mwisho 400. Sugua kukiwa na maji sikuzote. Vumbi la mfupa halionekani sana lakini linaingia mapafuni, na mama anayefanya kazi hii kila siku na mtoto mgongoni anamlisha mtoto vumbi hilo pia. Fanya kazi nje, funga kitambaa puani, na mtoto akae mbali. Mwisho paka nta ya nyuki kidogo na sugua kwa kitambaa.

Ngozi ni rahisi. Usikate kamba kutoka ukingo wa kipande, maana zitakuwa fupi fupi. Kata duara, kisha anza pembeni na makasi ukizunguka kuelekea katikati, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Duara la upana wa sentimeta 10, ukikata kamba ya milimeta 3, linatoa zaidi ya meta mbili. Loanisha kamba, ivute, itundike ikiwa na jiwe chini, kesho yake imenyooka. Kufunga nyuma hakuhitaji kifungo cha duka: kila ncha ifungwe fundo kuzunguka kamba ya pili, na mkufu utavutwa kuwa mrefu au mfupi. Mikufu ya mtindo huu huvaliwa mirefu. Sentimeta 60 si nyingi.

Mbegu zinazofanana na zile za mreteni kwa kuwa na tundu la kuzaliwa nalo ni zile za kijivu zinazong'aa, za jani refu kama hindi linaloota penye unyevu. Wafaransa wanaziita machozi ya Yobu, na wengi wetu tumeziona katika rozari. Chuma zikiwa ngumu, vuta kijiti cha katikati, tundu liko tayari. Zianike vizuri juani kabla ya kutunga, la sivyo vidudu vitatoka ndani mkufu ukiwa umekwisha kuuzwa.

Lakini kuna mbegu moja ambayo chama chochote cha wamama kingepaswa kuikataa kabisa: ile ndogo nyekundu yenye jicho jeusi, ambayo pwani ya Afrika ya Mashariki huitwa tipitipi. Ni nzuri sana, na kwa sababu hiyo inatiwa katika bangili na mikufu mahali pengi duniani. Ndani yake mna sumu kali. Ikimezwa nzima, ganda lake gumu mara nyingi linaizuia sumu isitoke. Tatizo letu ni kwamba ili kuitunga lazima uitoboe, na ukiitoboa umefungua mlango. Mtoto akitafuna moja, anaweza kufa. Mbegu za mbarika, zenye madoa mazuri kama marumaru, ni vile vile. Mama akiwa nazo tayari katika sanduku la shanga, azichimbie shimo refu, asiwape watoto kuchezea. Mtoto aliyezitafuna apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado anacheka, kwa sababu sumu hiyo inakawia kuonekana.

Wamama wa Katanga na Lualaba watauliza juu ya malakiti. Ni kweli, jiwe letu la kijani linakaa vizuri kando ya mfupa na ngozi, na mafundi wa Marekani nao hulitia katika fedha. Ni laini kuliko feruzi, kwa hiyo linakatika upesi. Ila vumbi lake ni la shaba na ni baya zaidi ya lile la mfupa. Lisuguliwe ndani ya maji tu, na beseni hilo lisirudi jikoni. Usilisafishe kwa ndimu wala siki. Linachemka na kupoteza mng'ao. Waya wa shaba wa kufungia jiwe uchune kwa kisu kutoka nyaya chakavu ulizonunua. Kuchoma plastiki ya nyaya kunatoa moshi wa sumu kwa mtaa mzima.

Pembe ya ndovu, jino la chui, gamba la kakakuona: hapana. Ni kinyume cha sheria, na pembe ya ng'ombe iliyosuguliwa vizuri inapendeza pia.

Sasa bei. Tuseme ngozi na uzi vimekula franka 3.000, mfupa 500, msasa 1.000. Umefanya kazi saa nne. Ukiuza kwa 5.000 kwa sababu jirani anauza hivyo, umebaki na franka 500 kwa saa nne. Andikeni saa zenu katika daftari la kikundi kabla ya kupanga bei.

Na jina la kitu. Familia nyingi za Kongo sasa zinaishi Marekani, na dada yako wa Texas au Arizona anaweza kukuomba umtumie mikufu ishirini. Asiiandike kuwa imetengenezwa na wenyeji wa asili wa Marekani, wala kwa kuficha. Sheria ya huko ya mwaka 1990 inaweza kumtoza mtu faini mpaka dolari 250.000, au kifungo cha miaka mitano. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu nakala za bei rahisi zilikuwa zinawanyang'anya mafundi wa Navajo, Zuni na Kewa mkate wao. Yule ndege wa mabawa wazi tuwaachie wenyewe. Sisi tuna msalaba wa shaba wa Katanga, ule ambao wazee walitumia kama pesa. Ukikatwa mdogo katika mfupa unakuwa kidani kinachojieleza chenyewe.

Kipande cha karatasi ngumu kwenye kila mkufu kinatosha: umetengenezwa Kongo, kwa mfupa wa ng'ombe, mbegu na ngozi, usiogee nao, na ukichakaa upake nta.