Upya Si Usafi: Takataka Zinazosafiri Ndani ya Nyumba za Magurudumu



Mama zetu wa pwani hawakuwa wakipikia chungu kipya siku ile ile kilipotoka sokoni. Kilioshwa kwanza, kikachemshiwa maji, ndipo kikatiwa mchuzi. Kanga mpya nayo hutiwa majini ipate kutoka wanga wake kabla haijavaliwa. Wala hapana aliyewaona kuwa ni watu wa wasiwasi. Ilijulikana tu ya kwamba kitu kitokacho mkononi mwa fundi huja na alama za fundi. Ajabu ya binadamu ni kuwa kadiri kitu kinavyozidi thamani ndivyo naye anavyozidi kukiamini. Chungu cha shilingi chache atakiosha mara tatu, na nyumba ya maelfu ya dola ataiingia na mto wake wa kulalia bila ya kuinua hata ubao mmoja.

Nyumba ninayoikusudia hapa si ya mawe wala ya udongo. Ni ile nyumba ya magurudumu ambayo watu wa Marekani na Kanada huivuta nyuma ya gari wakati wa mapumziko, au huiendesha yenyewe ikiwa imetiwa injini. Ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, choo, mahali pa kuogea, tangi la maji safi na matangi ya maji machafu. Wako ndugu zetu waliohamia nchi hizo ambao wamezipenda kwa sababu iliyo wazi: msafiri hupika chakula chake cha halali, hutawadha kwa maji yake, na huswali na watoto wake bila ya kutafuta pembe katika hoteli ya watu.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni mmoja wao. Baada ya kuweka akiba miaka mitano alinunua nyumba mpya ya kuvutwa, ingali na karatasi za nailoni juu ya viti. Mwezi wa Oktoba wakaondoka, wao na watoto watatu, kwenda kukaa msituni siku nne. Usiku wa kwanza baridi ikawa kali, shemeji akawasha tanuri la kupasha joto. Hewa ya moto ikapanda kutoka katika matundu ya sakafuni kama ilivyokusudiwa, na pamoja nayo ukapanda unga wa mbao, mwembamba kama unga wa mhogo, ukatanda juu ya mashuka na nyuso za waliolala. Mtoto wao wa kati ana pumu. Dada anasema aliamka kwa sauti ya kifua chake kabla hajanusa harufu ya vumbi. Walizima tanuri, wakafungua milango, wakamchukua mtoto garini na dawa yake ya kuvuta, wakakaa naye hivyo mpaka alfajiri.

Kulipopambazuka shemeji aliinua vyavu vya yale matundu, akatia mkono. Alitoa vipande vya plaiwudi, maranda, pini zilizopinda, donge la gundi lililokauka, nyuzi za ile sufi ya kioo inayotiwa kutani kuzuia baridi, na karatasi iliyokuwa imefungiwa mkate wa mtu. Parafujo peke yake zilikuwa hamsini na tisa. Aliporudi kwa muuzaji kushtaki, alijibiwa kwa upole kuwa zote huja hivyo, na kuwa yeye mwenyewe alitia saini karatasi ya kukiri kuwa ameikagua na kuridhika nayo.

Katika maneno ya muuzaji yule, moja lilikuwa kweli. Mambo haya si ya nyumba moja wala ya kiwanda kimoja, na anayetaka kujua sababu yake hana budi kutazama jinsi nyumba hizi zinavyoundwa.

Makao makuu ya kazi hii ni Elkhart, katika jimbo la Indiana, karibu na mpaka wa Michigan. Katika mji huo na vitongoji vyake ndimo zinamoundwa takriban nane katika kila nyumba kumi za magurudumu za Marekani. (Miongoni mwa mafundi wake wako wengi wa jamaa ya Waamishi, Wakristo ambao nyumbani kwao hupanda vigari vya farasi na hawataki umeme wa serikali, na mchana huunda nyumba zilizojaa taa na televisheni. Dunia ina mambo.) Nyumba huanzia kwenye fremu ya chuma. Juu ya fremu huwekwa sakafu, na sakafu hiyo hukatwa mapema matundu ya hewa ya moto, yaliyounganishwa na mifereji ya bati inayopita chini yake. Kisha, juu ya sakafu iliyokwisha kutobolewa, husimamishwa kabati, vitanda na viambaza, huku misumeno inakereza na kekee zinatoboa. Kuta za nje na paa huja baadaye.

Msomaji ameshaelewa. Kila kinachoanguka kutoka juu kina tundu linalokingoja chini. Mfagiaji akipita kwa haraka, ufagio wake hausukumi takataka nje ya mlango. Huzisukuma katika lile tundu lililo karibu. Nafasi zilizo chini ya vitanda na nyuma ya kabati nazo huzibwa kwa ubao, na kilichokuwamo ndani hubaki humo. Mnunuzi huona sakafu inang'aa, ilhali chini yake mna jaa.

Na haraka imo. Katika viwanda vingi mafundi hulipwa kwa hesabu ya nyumba zinazotoka, si kwa saa. Kikundi kikimaliza idadi yake mapema huenda nyumbani mapema, basi dakika ya kuvuta vumbi mferejini ni dakika ambayo haimlipi mtu. Sisemi haya kuwatukana mafundi, kwani mtu hufanya lile analolipwa. Lawama kubwa ni ya aliyepanga malipo. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, watu waliziogopa hoteli na ndege wakazikimbilia nyumba hizi, hata mwaka 2021 viwanda vikatoa zaidi ya 600,000, idadi ambayo haikupata kufikiwa kabla yake. Waliokuwa wakiunda kwa haraka wakazidisha haraka.

Yako pia yasiyoshikika kwa mkono. Kimbunga Katrina kilipopiga kusini mwa Marekani mwezi wa Agosti 2005, idara ya maafa ya serikali yao, FEMA, iliwapa waliopoteza makazi zaidi ya nyumba 100,000 za namna hii na nyinginezo za kuhamishika. Haukupita muda watu wakaanza kulalamika kwa macho kuwasha, pua kutoka damu na watoto kukohoa. Wakaguzi wa afya wa serikali walipima hewa katika nyumba 519 za Louisiana na Mississippi mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, wakaona wastani wa sehemu 77 za formaldehidi katika kila sehemu bilioni moja za hewa, mara kadhaa kuliko ilivyo kawaida katika nyumba za watu. Formaldehidi ni hewa itokayo katika gundi ya plaiwudi na mbao za kushindiliwa, na tangu 2004 imehesabiwa na wataalamu wa kimataifa wa saratani kuwa ni katika vitu viletavyo maradhi hayo. Mwaka 2010 ilipitishwa sheria ya kuweka mpaka wa hewa hiyo katika mbao. Sheria hiyo ilisamehe mbao za ndani ya magari mapya, isipokuwa nyumba za magurudumu, ambazo zilitajwa waziwazi kuwa hazikusamehewa.

Kwa hivyo mbao za leo ni afadhali kuliko zile za Katrina. Hata hivyo ile harufu ambayo wanunuzi huivuta kwa furaha wakasema "harufu ya upya" ni gundi na rangi na nailoni zinazopumua, na joto na unyevu huzizidisha. Nyumba mpya iliyofungwa madirisha na kuachwa juani ndiyo mbaya kuliko zote. Ifunguliwe siku kadhaa, hewa ipite upande hadi upande, kabla mtoto mwenye kifua hajalazwa ndani.

Maji ndiyo yanayohitaji maneno zaidi, maana maji hunywewa na hutawadhiwa. Tangi la maji safi ni la plastiki, na hutobolewa kiwandani ili yatiwe mabomba. Chembe zinazokatwa na kekee aghalabu huangukia ndani na kubaki humo. Pampu ikianza kuvuta, chembe hizo huenda mpaka kwenye chujio la pampu, na zinazoponyoka hukwama katika kile kichujio kidogo kilicho mdomoni mwa mfereji. Mara nyingi mwenye nyumba hudhani pampu imekufa, akaita fundi na kulipa, na ugonjwa wenyewe ni maranda ya plastiki yasiyojaa kijiko. Afungue chujio, afungue midomo ya mifereji, aoshe, kisha ajaze tangi na kulimwaga mara mbili tatu. Baada ya hapo hutiwa dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, kiasi cha mililita 60 kwa kila lita 57 za maji. Mifereji yote ifunguliwe mpaka harufu ifike, maji yakae saa kumi na mbili, yamwagwe, na tangi lisuzwe mpaka harufu iishe. Dawa hiyo isichanganywe kabisa na siki wala na dawa nyingine za kusafishia, kwani mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Nyumba zinazotoka kiwandani majira ya baridi huwa zimetiwa mabombani dawa ya rangi ya waridi izuiayo maji kuganda. Dada aliniuliza kwa simu habari ya udhu wa maji hayo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, maji yaliyogeuzwa sana rangi au ladha na kitu kisafi ambacho si cha asili yake, hata yakawa hayaitwi tena maji tu, hubaki kuwa tahiri lakini hayatahirishi. Yaani nguo yaliyoimwagikia haina najisi, na udhu wake haupatikani. Basi mabomba yasuzwe mpaka maji yatoke meupe. Amma unga wa mbao, huo si najisi. Aliyeswali juu yake swala yake ni sahihi, ijapokuwa atainuka na paji la uso kama la mpiga randa. Lakini kisichokuwa najisi huenda kikawa madhara, na kifua cha mtoto hakiulizi hukumu ya vumbi.

Sasa nirudie ile saini, kwani hapo ndipo shemeji alipoteleza. Desturi ya biashara hii ni kuwa muuzaji huikagua nyumba kabla ya kuikabidhi, na mnunuzi hutembezwa ndani yake muda mfupi, akaonyeshwa vitufe, akapewa kalamu. Fedha ikishatoka na saini ikishaandikwa, muuzaji husema aulizwe mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda husema takataka si kasoro. Sheria za majimbo kadhaa zinazomlinda mnunuzi wa gari bovu hugusa injini na mwendo tu, zikaiacha ile sehemu ya kulala. Sisi wenyewe tunajua katika fiqhi kuwa muuzaji haruhusiwi kuficha aibu ya bidhaa, na mnunuzi aliyeikuta aibu ya zamani isiyokuwa dhahiri ana hiari ya kurudisha. Lakini kadhi hayupo katika uwanja wa muuza magari, na karatasi iliyotiwa saini ndiyo inayosomwa.

Basi aende na tochi, na mtu wa pili, na nusu ya siku. Ainue vyavu vya sakafuni atie mkono. Afungue kabati ya chini kabisa, ile ya mabomba, maana fundi husahau pale ambapo mgeni hatazami. Ainue godoro. Amwage maji bafuni aone kama yanashuka, kwa kuwa vipande vya plastiki na gundi huziba bomba la kutolea. Atazame kama parafujo imepita karibu na waya. Na pale kwenye tanuri asione haya kulala kifudifudi, kwani unga wa mbao na moto ni majirani wabaya. Akiambiwa muda umekwisha, na arudi kesho. Na akiambiwa kesho bei itapanda, hiyo nayo ni habari ya kutosha juu ya muuzaji.

Shemeji hakurudishiwa fedha. Aliazima mashine ya kuvuta vumbi yenye mpira mrefu, akafanya kazi Jumamosi mbili, akaivuta mifereji yote, akaosha kuta kwa kitambaa kibichi na kubandika chujio la kitambaa chini ya kila tundu. Dada alifua mapazia na maganda ya magodoro. Nyumba ikaachwa wazi wiki nzima chini ya mti. Mwezi wa Aprili walisafiri tena, na mtoto alilala usiku tatu bila ya kukohoa.

Zile parafujo hamsini na tisa zimo katika chupa ya jamu juu ya dirisha la jikoni kwao. Wageni huuliza ni za nini. Na yule mtoto, mpaka leo, hapandi kitandani humo kabla hajainua wavu wa tundu lililo karibu naye na kumulika kwa tochi.