Gari la turbo na joto la Ukambani: Pima hewa, si chuma

Je, wewe ni miongoni mwa wale wanaopakia jamaa garini kila Desemba na kushika barabara ya Mombasa hadi Makindu na Kibwezi, kisha kukata kona kuelekea Mutomo na Kitui? Ikiwa gari lako lina turbo, makala haya yanakuhusu. Katika nyanda hizo za Makueni na Kitui joto hupita nyuzi 30, na hewa hiyo ndiyo inayovutwa na injini yako.

Turbo si kitu kigeni nchini. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica ya turbo, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akafanya vivyo hivyo. Leo magari ya aina hiyo yamejaa mitaani.

Kwa nini hewa hupata moto

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa ndani kwa nguvu. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua jinsi pampu inavyopata moto. Hewa ya nyuzi 35 ikishindiliwa hadi karibu mara mbili ya shinikizo la kawaida yaweza kutoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 110 hivi. Ndiyo maana magari mengi huwa na kipoza-hewa, kifaa kinachofanana na rejeta, kati ya turbo na injini.

Hewa moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hivyo nguvu hupungua. Lililo baya zaidi, katika injini ya petroli mafuta yaweza kulipuka ovyo badala ya kuungua kwa utaratibu. Utasikia injini ikigonga kama kokoto ndani ya mkebe. Ukipuuza, pistoni huharibika, na karo ya muhula huishia gereji.

Kompyuta ya gari hutegemea kitambuzi kidogo cha joto, ambacho mafundi hukiita sensa. Kikidanganya kwamba hewa ni baridi, cheche hutolewa mapema mno na injini hugonga. Kikidanganya kwamba ni moto kuliko ilivyo, cheche huchelewa na nguvu hupotea. Na katika magari yanayokadiria hewa kwa shinikizo, petroli nayo hupunguzwa kupita kiasi.

Mahali pa kupimia

Wanafunzi wanakijua kile kisanduku cheupe cha vituo vya hali ya hewa, kama kituo cha Makindu. Kuta zake zina mianya ili kipimajoto kipime hewa inayopita, wala si ukali wa jua. Kanuni ni hiyo hiyo garini.

Kitambuzi kilicho kabla ya turbo, karibu na chujio la hewa, hukueleza hali ya hewa ya Kibwezi tu. Cha kuaminika huwa baada ya kipoza-hewa, karibu na mlango wa injini, ncha yake ikiwa katikati ya mkondo. Afadhali kishikwe na bomba la plastiki au mpira, maana chuma cha injini hukipasha moto. Ncha iliyo wazi pia huhisi mabadiliko upesi kuliko iliyofunikwa.

Tuseme umesimama kula katika hekalu la Sikh pale Makindu. Ukirudi, kipimo chaweza kuonyesha nyuzi 65. Usishtuke, hilo ni joto la injini iliyosimama. Endesha dakika chache. Kikishuka, kilichopimwa kilikuwa chuma. Kikikataa kushuka, kagua kipoza-hewa: huenda kimezibwa na vumbi na tope.

Jaribio la alfajiri

Gari likiwa limelala nje usiku kucha, chomeka kisomaji cha OBD chini ya usukani, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha soma kwenye simu joto la hewa na joto la maji ya injini. Linganisha na kipimajoto cha kawaida kilichowekwa kivulini. Vipimo hivyo vitatu vyapaswa kukaribiana sana. Kimoja kikiachana na vingine kwa nyuzi kumi au zaidi, mwambie fundi akague nyaya, na asafishe ncha ya kitambuzi, kwani utando wa oili huichelewesha kuhisi.

Fanya hivyo kabla ya kufunga mizigo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.