USIPOKEE HELA YA YAI AMBALO KUKU HAJATAGA

Leo tunaingia bandani. Wengi humu mnauza mayai kwa WhatsApp, Instagram na Facebook, na swali linajirudia: nitajuaje nipokee oda ngapi? Mimi hilo swali lilinikuta hela za watu ziko tayari kwenye simu. Ngoja niwasimulie kwanza, halafu tuipitie siku nzima ya kuku, maana jibu liko humo.

Sisi ni familia ya Kibaha, mkoa wa Pwani. Tuna kuku 100 wa mayai, banda liko nyuma ya nyumba. Kipindi hicho walikuwa wanatupa mayai 80 kwa siku. Mara siku 7 ni mayai 560, yaani trei 18 na mayai 20 juu. Ilibaki wiki moja tufike Idi. Jumamosi jioni nikaposti: "Trei 18 zipo, lipia mapema, unapokea Jumamosi ijayo." Kabla sijalala zote 18 zilikuwa zimelipiwa. Nikajiona nimemaliza kazi.

Jumapili tukapata msiba wa ukoo, tukaondoka nyumba nzima asubuhi. Maji tuliacha, lakini siyo ya kutosha siku ya jua kali. Tumerudi jioni, vyombo vikavu, kuku wamefungua midomo wanahema. Hakuna aliyekufa, nikashukuru Mungu. Sikujua hasara iko njiani.

Jumapili yenyewe nilikuwa nimepata mayai 78, kwa sababu mengi yalitagwa kabla maji hayajaisha. Jumatatu 61. Jumanne 50. Jumatano 47. Alhamisi 52, Ijumaa 58, Jumamosi 64. Jumla 410, yaani trei 13 na mayai 20. Nina watu 18 wamelipa. Jioni ile simu inaita tu, "Dada, trei yangu vipi?" Nilirudisha hela za watu watano na makato nikalipa mimi. Mmoja ni mpika keki, alikuwa ananunua kila wiki. Aliniandikia, "Sawa dada, hamna neno." Hajanunua tena mpaka leo.

Mama mkwe alinitazama akasema, "Mwanangu, kuku hajui kama umeposti." Tangu hapo biashara yangu inaanzia bandani, simu inafuata.

SAA 12 ASUBUHI: MAJI KWANZA

Zaidi ya nusu ya yai ni maji. Kuku akikosa maji, kitu cha kwanza kukata ni kutaga, maana mwili unajiokoa wenyewe kwanza. Akirudishiwa maji hatagi palepale kama zamani, inachukua siku kadhaa. Ndiyo maana mimi nililipia Jumapili moja wiki nzima.

Kuku mmoja anayetaga hunywa kama robo lita kwa siku, na siku ya joto anazidisha. Kuku 100 ni lita 25 na kuendelea. Sisi tunaosha vyombo asubuhi, tunajaza, mchana tunaongeza. Tukisafiri, anabaki mtu. Hiyo ni sheria ya nyumba.

Chakula kinafuata. Kuku wa mayai mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 12, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unakupa siku nne na kidogo. Pima kwa mzani au kwa kopo ulilolipima. Ukimwaga kwa macho, hutajua wanakula sawasawa au wamepunguza. Wakipunguza kula leo, mayai yatapungua mbele. Hiyo ni taarifa unayoipata bure kabla mteja hajalalamika.

SAA 4 NA SAA 8: HAPA NDIPO STOKI YAKO INAPOJULIKANA

Kuku wengi hutaga asubuhi. Tunaokota saa 4, tunarudia saa 8 mchana, na jioni tunapitia yale machache yaliyochelewa. Ukiokota mara moja tu kwa siku, yanakanyagwa, yanachafuka, na kuku wakionja yai lililopasuka wanajifunza kula mayai. Tabia hiyo wakiizoea kuiondoa ni kazi kwelikweli.

Sasa sikia, maana wanunuzi na wauzaji wengi hawalijui hili. Kuku 100 hawakupi mayai 100. Yai moja linachukua kama saa 25 kutengenezwa tumboni, na muda mwingi hapo, kama saa 20, ni wa kutengeneza ganda. Kwa kuwa ni zaidi ya saa 24, kila siku kuku anasogea mbele kidogo. Leo katoa saa 2, kesho saa 3, keshokutwa saa 5, mpaka inafika siku anaruka kabisa. Hajaugua, ndivyo alivyoumbwa. Na hakuna dawa itakayomfanya atoe mawili kila siku. Mtu akikuuzia dawa ya namna hiyo, achana naye.

Umri nao una neno. Kuku wa mayai wanaanza kutaga wakiwa na wiki 18 mpaka 20 hivi, wanapanda hadi kilele miezi michache ya mwanzo, halafu wanashuka polepole. Kwa hiyo ukisema "mwaka jana nilikuwa natoa trei 3 kwa siku" hujasema kitu. Kuku wale wale leo ni wazee kidogo. Oda pokea kwa namba za wiki hii.

MCHANA: JOTO NA MARANDA

Saa 7 mpaka saa 9 ni muda wa joto hapa Pwani. Banda liwe na upande wa wavu upitishe hewa. Ukiona kuku wametanua mbawa na wanahema, ongeza maji ya baridi na usiwashikeshike.

Maranda yakilowa karibu na vyombo vya maji, yatoe siku hiyohiyo, weka makavu. Unyevu ndio unaoleta harufu kali ya mkojo, inayouma macho ya kuku na ya kwako. Na yai likitagiwa kwenye uchafu, linakuja chafu. Yai chafu usiliosha halafu ukakaa nalo. Ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu kuingia, na maji yanauondoa. Futa kwa kitambaa kikavu. Lile lililochafuka sana tunalila sisi nyumbani, haliendi kwa mteja. Ukitaka mayai safi, badilisha maranda ya viota.

SAA 10 JIONI: KUPANGA NA KUTUMA

Jua likipungua ndipo bodaboda wetu anakuja. Panga mayai ncha iliyochongoka chini, upande mnene juu. Juu ya trei ya mwisho weka trei tupu, funga kamba njia mbili. Kabla hajaondoka, piga picha ya trei zikiwa nzima, mtumie mteja. Na mkubaliane mapema: yakivunjika njiani nani analipa? Mimi naongeza mayai mawili kwa kila oda ya trei tano. Hayo mawili yamenipunguzia maneno mengi.

Mteja akitilia shaka upya wa yai, mfundishe kuliweka kwenye bakuli la maji. Likizama na kulala, ni jipya. Likizama lakini limesimama, limekaa siku nyingi kidogo ila bado linalika. Likielea, tupa. Unapomfundisha mteja kukukagua, anakuamini zaidi.

Na tafadhali, usiuze mayai ya kisasa kwa jina la kienyeji. Rangi ya ganda inatokana na aina ya kuku. Kiini kuwa cha njano sana kinatokana na chakula, kama mahindi ya njano na majani. Kuku wa kienyeji wa kweli hutaga mayai kumi na kitu, kisha anataka kuatamia siku 21 na kulea vifaranga. Kwa hiyo anayekuahidi trei 50 za kienyeji kila siku kutoka kwa kuku wachache wa uani, jiulize anazitoa wapi.

USIKU: TAA, KUFUNGA, DAFTARI

Kuku anayetaga anahitaji mwanga kama saa 14 mpaka 16 kwa siku. Jua la kwetu linatoa kama saa 12, ndiyo maana wafugaji wengi wanawasha taa saa chache usiku au alfajiri. Ukiamua kuwasha, washa kila siku kwa muda uleule. Leo unawasha, kesho huwashi, kuku wanachanganyikiwa na mayai yanayumba.

Kabla ya kufunga tunahesabu kuku, tunaangalia matundu, maana kicheche haombi ruhusa. Halafu daftari. Mwanangu mkubwa ndiye anaandika, mistari mitano tu:
- Mayai ya leo
- Yaliyovunjika
- Chakula kilichotumika
- Kuku aliyekufa au anayeumwa
- Chanjo au dawa iliyotolewa

SIKU AMBAZO HUUZI

Hapa pana kishawishi. Ukiwapa kuku dawa za maradhi, soma maelezo kwenye chupa au pakiti. Dawa nyingi zina idadi ya siku ambazo mayai hayatakiwi kuliwa na watu. Siku hizo ni hasara, ndiyo. Lakini yule mteja ana mtoto anayekula yai lile. Mimi naposti wazi: "Wiki hii hatuuzi, kuku wako kwenye dawa." Mara ya kwanza niliogopa kukimbiwa, lakini kuna watu walisubiri kwa sababu hiyohiyo.

Mdondo, wengine wanaita kideri, hauna dawa ya kutibu. Kinga yake ni chanjo. Ile ya tone kwenye jicho, inayojulikana kama I-2, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Andika tarehe ya inayofuata siku ileile unayochanja. Kuku wakianza kufa ghafla wengi kwa pamoja, simamisha mauzo yote ya kuku na mayai, mwite afisa mifugo, na wale waliokufa wazike au wachome. Usiwakimbize sokoni wale waliobaki. Utapeleka ugonjwa kwa wenzako, na utarudi kwako.

HESABU YA TREI

Daftari linakuonyesha pia kama unapata faida au unajichosha. Tuseme kwa mfano mfuko wa kilo 50 ni shilingi 60,000. Weka bei ya kwenu. Kilo moja ni 1,200. Kilo 12 za siku ni 14,400. Wakitaga mayai 80, trei moja imekula chakula cha shilingi 5,400. Wakishuka hadi 60, chakula ni kilekile, lakini sasa trei moja imekula 7,200. Hapo hujahesabu chanjo, maranda, umeme, bodaboda na muda wako. Ukishusha bei kumfuata jirani bila kujua namba hii, unaweza ukawa unamlipa mteja ale mayai yako.

KANUNI TUNAYOTUMIA SASA

1. Jumamosi usiku tunajumlisha mayai ya siku 7 zilizopita.

2. Oda za kulipia mapema tunapokea robo tatu tu ya jumla hiyo. Kama ni 560, robo tatu ni 420, yaani trei 14. Ikifika 14 tunafunga, hata mtu abembeleze vipi.

3. Kinachozidi tunakiposti siku kikiwepo, baada ya kuhesabu saa 8 mchana. "Leo zipo trei 2, wa kwanza ndiye wa kwanza." Zinaisha haraka kuliko tangazo lingine lolote, kwa sababu watu wamejua kuwa nikisema zipo, zipo.

4. Tuna mfugaji jirani tunayeaminiana. Nikipungukiwa nachukua kwake, namwambia mteja hivyo kabla sijatuma. Akipungukiwa yeye anachukua kwangu.

5. Namba ikishuka siku mbili mfululizo, tunaingia bandani kutafuta sababu: maji, chakula, joto, mwanga, ugonjwa. Na waliolipa tunawaambia siku hiyohiyo, bila kungoja Jumamosi.

Rudi kwenye wiki yangu ya Idi. Kwa kanuni hii ningepokea trei 14, na kuku walinipa 13. Ningepungukiwa moja, ningeichukua kwa jirani, na yule mpika keki angekuwa bado ananiandikia kila wiki.

Kama wewe unauza vitu vingine, sabuni, vitenge, karanga, angalia kama haikuhusu pia: unauza kilichopo mkononi, au unachotumaini kitakuwepo?

Unayefuga, kesho anza na mstari mmoja tu wa daftari: mayai ya leo. Baada ya siku 7 rudi hapa utuambie robo tatu yako ni trei ngapi. Na kama una mwenzako ameshaanza kupokea hela za sikukuu, mtumie hii kabla simu haijaanza kumlilia. Biashara njema.