Rangi isiyong'aa yaokoa oda ya fulana

Mteja akikataa fulana 100 kwa sababu maandishi yanang'aa kama plastiki, hasara ni ya mchapaji. Mara nyingi chanzo ni rangi ya plastisoli iliyopakwa nene. Rangi ya maji huzama kwenye nyuzi za pamba, hivyo haing'ai, ila huwahi kukauka na kuziba neti ya fremu, na ile ya kawaida haionekani vizuri kwenye fulana nyeusi. Anayebaki na plastisoli atumie neti yenye matundu madogo zaidi. Aikaushe kwa nyuzijoto 160 hivi za Selsiasi. Isipoiva, itabanduka ikifuliwa. Ikigandamizwa kwa mashine ya joto juu ya karatasi nyororo ya tefloni, mng'ao hurudi. Kwanza ichapwe fulana moja, ifuliwe, mteja aione.